Ndege Zilizoangushwa kwa Mdomo

Usingizi unamjia Kapteni Gwakisa Mwambene akiwa amelala chali chini ya bawa la ndege yake ya kivita, jua la mchana linachoma uwanja mpaka lami inanuka, na yeye hakukusudia kulala, amejinyoosha tu kivulini kungoja amri, kofia ya urubani ameilaza tumboni, na juu yake, pembeni mwa dirisha la rubani, zinang'aa nyota nyeupe sita, kila nyota ni ndege moja ya adui aliyosema ameiangusha, na mbili kati ya hizo rangi yake bado haijakauka. Hizo mbili ni za jana. Jana alipotua, kabla hata hajafungua mkanda, mafundi walimkimbilia wakirukaruka, wakauliza ngapi leo, afande, ngapi, naye akainua vidole viwili. Kidole cha kwanza kilikuwa na haki kidogo, maana ile ndege aliipiga risasi, ikatoa moshi mweusi, ikapinduka na kuzama mawinguni, na yeye akageuka kabla ya kuona mwisho wake. Kidole cha pili hakikuwa na haki yoyote. Ndege ya pili aliiona kwa macho yake mwenyewe, risasi zimeipita kando, imenyooka vizuri, imevuka mto na kwenda kwao. Lakini vidole vilikuwa vimeshainuka, mafundi walikuwa wameshambeba mabegani, na jioni redio ikatangaza. Leo asubuhi mkuu wa kikosi, Meja Mtulia, amejumlisha madai ya marubani wote na kusema mbele ya gwaride kwamba adui hana tena hata ndege ya kupulizia dawa shambani, na kwa hiyo wakimbizi waliokwama ng'ambo ya mto watavushwa darajani leo, mchana kweupe, malori yote kwa mkupuo mmoja. Luteni Akwilini Shirima, rubani anayeruka ubavuni mwa Gwakisa, alimnong'oneza palepale mstarini, afande, kwa hesabu hii tumeangusha ndege nyingi kuliko alizokuwa nazo adui. Gwakisa akamwambia nyamaza. Neno hilo, nyamaza, bado liko mdomoni mwake macho yanapofumba, na kivuli cha bawa kinaanza kurefuka, kinarefuka kupita mwisho wa lami, kupita uzio, na yeye anatambaa ndani yake akitafuta mahali kinapoishia, anatambaa, anainuka, anatembea, na anapotoka upande wa pili uwanja haupo.

Ipo barabara nyeupe. Inakwenda mpaka macho yanachoka, inajigawa mara mbili na kujirudia yenyewe kama mkanda uliosahaulika sakafuni, na kila Gwakisa anapodhani amefika njia panda anajikuta palepale alipoanzia. Kandokando ya barabara kuna mji, na mji huo ni mmoja uliokatwa katikati, nyumba za kushoto ndizo nyumba za kulia, zimegeuzwa tu kama kitu kwenye kioo, kibao cha kinyozi cha kushoto kinasomeka na cha kulia kimeandikwa kinyumenyume, mkono unafunga dirisha huku na dirisha lilelile linajifunga kule. Katikati ya barabara amesimama mtu mwenye koti la rangi ya machungwa na vibao viwili vyekundu mikononi, kama wale wanaoongoza ndege kwenda kwenye maegesho, na Gwakisa anafurahi kuona mtu wa kazi anayoijua, mpaka anapomkaribia na kuona kwamba hana uso, mahali pa uso pamelainika tu, pamejaa na kung'aa kama mgongo wa kijiko. Habari za hapa, ndugu, anasema Gwakisa, maana hajui aseme nini kingine. Nzuri, anajibu yule mwongozaji, kwa kadiri zinavyosemwa. Nimepotea, natafuta uwanja wa ndege. Upi, unaotuliwa au unaotajwa? Sikuelewi, ndugu yangu. Hujachelewa, anasema mwongozaji, na anainua kibao cha kushoto, anaanza kurudi nyuma polepole akimwita kwa vibao kama anavyoitwa rubani, na miguu ya Gwakisa inatii kabla yeye hajakubali. Tunakwenda wapi? Kwa watu wako. Watu wangu gani? Wale unaowaua bila kuwafikia.

Wanaingia upande wa kushoto, na nyuma ya nyumba kuna uwanja mpana ajabu, unapanuka kadiri anavyoutazama, na ndege za adui zimejipanga kama ng'ombe mnadani, safi, zimejazwa mafuta, hakuna yenye tundu wala mkwaruzo. Chini ya turubai marubani wamekaa kwenye mabenchi wanakunywa chai. Wanapomwona wanasimama wote. Ndiye huyo, wanasema, ndiye huyo, mpisheni akae. Wanamfutia benchi kwa leso, wanammiminia chai, na chai ni ya moto kweli, inamuunguza ulimi. Yeye anangoja matusi. Anayasubiri kama mtu anayesubiri sindano, amekaza bega, lakini hayaji. Badala yake rubani mmoja mnene mwenye mwanya anasogea karibu naye na kumshika mkono kwa mikono miwili. Mimi ni yule wa jana, anasema, yule wa pili. Nakukumbuka, anasema Gwakisa kwa sauti ndogo. Jana bwana nimefika nyumbani salama, nimekula ugali kwa samaki, mke wangu ananiambia redio ya kwenu imekutangaza marehemu, tukacheka mpaka mtoto akaamka. Nimekuja kukushukuru. Unishukuru kwa lipi? Yule mnene anamtazama kama mtu anayemwonea huruma mgeni asiyejua bei za sokoni. Marehemu hatafutwi, kaka. Tangu uniue napita nitakako. Na wote mabenchini wanaitikia, ni kweli, ni kweli, mmoja anasema mimi niliuawa na Shirima, mwingine anasema mimi mkuu wenu mwenyewe alinifuta ubaoni kwa mkono wake, na wanamwekea Gwakisa kipande cha mkate, wanamwita ndugu, na uso unamwaka kwa aibu, anatamani mmoja amtemee mate ili apate pa kuanzia. Anauliza, nyote hapa mko wangapi? Mwongozaji aliyesimama nyuma yake ndiye anayejibu. Wengi kama mlivyopenda.

Na upande wa kulia, anauliza Gwakisa, kule kuna nini? Yapo yaliyokuwapo, anasema mwongozaji, na kibao cha kulia kinainuka. Kuvuka ile barabara nyeupe, ambayo haizidi upana wa malori mawili, kunamchukua muda kama wa kuvuka nchi, kila hatua barabara inatanuka chini ya soli, na anapofika ng'ambo mji ni uleule lakini hakuna mtu. Turubai lipo, mabenchi yapo, vikombe havipo. Uwanja wa upande huu ni majani marefu tu yanayolala na kuinuka. Gwakisa anatafuta mabaki. Anajua mabaki yanavyokuwa, amefundishwa kuyatambua kutoka juu, na anatembea majanini akitazama huku na huku mpaka anaona mkia uliochomoka ardhini, mbali kidogo anaona bawa, mbali zaidi injini iliyojichimbia shimo. Anazunguka tena. Hakuna nyingine. Tatu tu, anasema. Umeziona? anauliza mwongozaji. Nimeziona. Basi hizo ndizo ulizonazo, wewe na wenzako wote, tangu vita ianze. Haiwezekani, anasema Gwakisa, na anasikia sauti yake inavyojitetea, inanuka uoga, moshi tuliuona sote, afande, moshi mweusi. Mwongozaji anainamisha ule uso usiokuwapo. Hata jiko lina moshi, anasema, na chakula kinaliwa. Gwakisa anakumbuka mambo aliyofundishwa na kuyasahau siku aliyobebwa mabegani, kwamba injini ikisukumwa ghafla mpaka mwisho hutoa moshi mweusi, kwamba rubani mwenye akili akipigwa hujirusha winguni kama aliyekufa, na kwamba jambo hili linajulikana na kila rubani, wa huku na wa kule, ila hakuna anayelisema wakati nyota inapochorwa.

Kwenye ule mkia amekaa kijana. Huyu ana uso. Ni uso pekee ulio kamili katika nchi ile yote, una ndevu zinazoanza kuota, una kovu dogo kwenye nyusi, na mikono ya shati lake imeungua mpaka kwenye viwiko. Anapomwona Gwakisa anashusha pumzi. Wewe ni wa ngapi? anauliza. Wa ngapi kwa lipi? Kwa kuniangusha. Wenzako wanne wameshapita hapa. Na Gwakisa anamjua sasa, si kwa uso bali kwa mahali, zile ndege tano zilizoizunguka ndege moja juu ya vilima vya chai mwezi uliopita, wote wakifyatua, wote wakipiga kelele redioni nimempata, nimempata, na waliporudi nyota tano zikachorwa kwa ndege moja, na ya Gwakisa ikawa ya nne katika zile sita. Kijana anasema, kila mmoja wenu anapoisimulia mimi napanda tena juu, kaka, na naanguka tena. Nimeanguka mchana kwenye bwalo la chakula, nimeanguka kwenye harusi ya dada wa mtu, nimeanguka redioni. Nimechoka. Gwakisa anapiga goti majanini. Nisamehe, mdogo wangu. Unaitwa nani? Kijana anafikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa kitu alichokiweka mbali. Naitwa Teofili, anasema. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza. Mama yangu hajui nilipoangukia. Mmeniangusha watu watano, na siku ile hakuna hata mmoja aliyekuja kutazama kama nimefika chini. Gwakisa anang'oa majani yaliyomfunika kijana miguu, anang'oa kwa mikono miwili, na majani yanaota tena nyuma ya vidole vyake, na anaendelea kung'oa mpaka anasikia, kutoka upande wa kushoto, injini ya kwanza ikiwaka.

Inawaka ya pili, inawaka ya tano, zinawaka zote. Gwakisa anageuka na kuona, kule ng'ambo ya barabara, marubani wanaweka vikombe chini bila haraka, wanafuta midomo, yule mnene anafunga kifungo cha koti. Tumechelewa, anamwambia Gwakisa kwa sauti ya mtu anayeaga jirani, tuna kazi darajani, ahsante kwa mara nyingine. Gwakisa anakimbia. Barabara nyeupe inajikunja na kujikunjua, mji unampita na kumpita tena, kibao cha kinyozi, kibao cha kinyozi, na mwongozaji yuko ubavuni mwake ingawa hakimbii. Daraja liko wapi? Mbele ya ulichosema. Nitafikaje? Rudi nyuma. Nikirudi nyuma nitalifikiaje lililo mbele? Mwongozaji ameviteremsha vibao vyake, na hiyo ndiyo ishara ya kwamba rubani ameachiwa mwenyewe. Gwakisa anasimama. Anageuka alikotoka, anapiga hatua moja tu kurudi, na mbao za daraja zinaitika chini ya kiatu chake.

Malori yamejaa kutoka ncha hadi ncha. Magodoro yamefungwa juu, kuku wananing'inia miguu juu, masufuria, cherehani, watoto wamepakatwa, na jua liko utosini, hakuna hata kivuli cha kujificha sisimizi. Juu ya lori la mbele amekaa shangazi yake, Tusekile, dada wa baba yake, aliyemlea alipokuwa mdogo kabla hajaolewa ng'ambo ya mto. Shangazi, anapiga kelele Gwakisa, shukeni, shukeni wote, ndege zinakuja! Ndege zipi, mwanangu? Za adui! Shangazi anacheka, anawageukia wenzake ndani ya lori. Mnamsikia? Si wewe uliyezimaliza? Tumesikia redioni, jina lako limetajwa pamoja na la babu yako, nikawaambia hawa, huyo ni mtoto wa kaka yangu, kamasi zake nimezifuta mimi. Shangazi, nilidanganya. Shangazi anaweka kiganja sikioni. Sema kwa nguvu, baba, kuna kelele. Nilidanganya! Eti nini? Na wale wengine kwenye malori wameshaona ndege zikishuka kutoka juu ya vilima, wanasimama, wanavua khanga mabegani wanazipunga, vigelegele vinapigwa, maana ndege zilizokwisha kufa zitamdhuru nani. Kivuli cha ndege ya kwanza kinapita juu ya maji, juu ya mbao, juu ya uso wa shangazi. Yule rubani mnene anainama dirishani na kumpigia Gwakisa saluti. Shangazi ameinua uso, mkono kwenye paji, anatazama juu kwa imani ile ya mtu aliyeambiwa na mwanawe, na Gwakisa, aliyezoea kugeuka kabla ya mwisho, anageuka.

Afande, amka. Afande! Ni Akwilini, amemshika bega, jasho linamdondoka kidevuni. Malori yamewasha injini, msafara unataka kuingia darajani, tumeambiwa turuke tuwapungie mabawa, wapige picha. Gwakisa anakaa. Kushoto kuna banda la ndege, kulia kuna banda la ndege, na kwa muda hajui kama siku zote yalikuwa mawili. Anaweka kiganja kwenye lami na lami inamuunguza, lakini ulimi nao unamuuma, umeungua kwa chai. Anasimama na kutembea, halafu anakimbia, Akwilini nyuma yake akiuliza kuna nini, na wanaingia ndani ya hema la mkuu bila kubisha. Meja Mtulia yuko kwenye simu, anacheka na mtu mkubwa, anawaonyesha kwa mkono wangoje. Gwakisa hangoji. Afande, simamisha malori. Meja anafunika simu. Unasemaje? Ile ndege ya pili ya jana sikuiangusha. Ilikwenda kwao nzima, niliiona. Ile ya kwanza sijui. Za nyuma, ninayoweza kuiapia ni moja, na hiyo tulikuwa watano tukiipiga na sote tumejiandikia. Meja anaweka simu chini taratibu. Mwambene, unajua unachokisema? Jina lako limesomwa nchi nzima. Najua, afande. Nami nimekwisha kuwaambia wakubwa hakuna ndege. Najua, afande, uliwaambia niliyokuambia. Akwilini, ambaye masikio yamemwiva, anakohoa na kusema, na za kwangu, afande. Sikuona hata moja ikigonga chini. Meja anawatazama, mmoja, kisha mwingine, na Gwakisa anaona jambo linalomwumiza kuliko karipio, anaona kwamba Meja hakushangaa. Alikuwa akijua kujumlisha. Alipenda tu jibu, kama wao. Anachukua simu nyingine, ya darajani, na kusema, rudisheni magari chini ya miti, yote, watu washuke, watatembea giza likiingia.

Wanapofika ng'ambo ya mto wote watatu kwa gari la Meja, malori yanarudi kinyumenyume kwenye msitu wa mikaratusi, yanagongana, kuku wanapiga kelele, na watu waliokuwa wameshaanza kuimba wameshuka na mizigo kichwani na hasira usoni. Mzee mmoja anauliza ni nani aliyetoa amri ya kipuuzi namna hii. Gwakisa anasogea mbele na kuwaambia, anawaambia kwa maneno mafupi, nilisema nimeziangusha na sikuziangusha. Hakuna anayemwomba aseme kwa nguvu, wamesikia mara moja. Mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni anamwambia mwongo, mwongo mkubwa wewe, jana tumekuombea dua. Mwingine anamrushia kiatu, kinampata kifuani. Naye anabaki amesimama na kuyapokea, na ndani ya aibu hiyo kuna kitu kinachofanana na ardhi ngumu, maana kule alikotoka kila mtu alimshukuru. Lakini hapohapo anajikuta anatazama mbali, juu ya vilima, na anajua anatafuta nini. Anataka zije. Anataka zije ili watu hawa wajue kwamba safari hii amesema kweli, ili yule mama ajute kwa neno lake, na wazo hilo likimaliza kupita anaona haya mpya, kubwa kuliko ya vidole viwili, mpaka anataka kujificha nyuma ya lori. Anatafuta kitambaa cha kichwa cha shangazi yake kati ya vichwa vyote vile, na hathubutu kuita.

Ndipo sauti inapokuja. Ni nyembamba, inatoka nyuma ya vilima au inatoka ndani ya sikio, inaweza kuwa injini ya ndege na inaweza kuwa lori la mwisho lililokwama kule juu linakokota gia, na watu wote chini ya miti wananyamaza kwa wakati mmoja. Akwilini anamtazama Gwakisa. Afande, unaisikia? Naisikia. Basi tuko wawili, anasema Akwilini, lakini sauti yake haina hakika, na Gwakisa anataka kumwuliza kama alikuwamo hemani kweli, kama kweli kulikuwa na hema. Juu ya kilima cha mbali kuna doa. Linaweza kuwa mwewe. Linang'aa, halafu haling'ai. Meja Mtulia amekunja macho yake ya kizee, hayafiki mbali, anamshika Gwakisa kiwiko. Mwambene, wewe una macho. Ni nini ile? Ni wao? Jibu liko ulimini tayari, limejileta lenyewe kama vidole vilivyojiinua jana, na umati wote umegeuza nyuso kwake unalingojea. Gwakisa analimeza. Haondoi macho kwenye lile doa, hapepesi, hageuki, analiacha likue au lisikue.

Bado sijui, afande, anasema. Ngoja nitazame.